Kadenge na Mpira: Soka la Njia ya Reli na Wasikilizaji wa Mto Tana

Joe Kadenge, mshambuliaji aliyeichezea Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka yote ya mwanzo ya uhuru, ni miongoni mwa wanasoka wa kwanza ambao jina lao lilienea nchi nzima. Lilifika hata mahali ambapo ligi yenyewe haikufika. Garsen, mji mdogo unaokaa kwenye mlango wa delta ya Mto Tana, ni mahali pa namna hiyo. Katika miaka ya Kadenge hapakuwa na timu ya ligi huko. Hata hivyo mtoto wa Garsen aliyekosea pasi alijua angetajiwa jina la nani. Ili kuelewa jambo hilo ni lazima kuitazama kazi ya mchezaji huyo pamoja na njia ambayo soka liliingilia Kenya, kwa sababu njia hiyo iliupita Mto Tana kwa mbali.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ukafika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu. Maofisa, wamisionari, askari na makarani waliokuja na reli, au kwa sababu ya reli, walikuja na mpira. Vijana wa Kiafrika walioajiriwa kwenye karakana, bandarini, polisi na katika nyumba za Wazungu waliupokea mchezo na kuufanya wao. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliunda chama cha michezo cha Waarabu na Waafrika, kwa nia ya wazi ya kuwa na mkono katika mapumziko ya wafanyakazi. Mwaka 1926 likaanza Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda, lililotolewa na kampuni ya sabuni iliyokuwa na jina hilo, na Kenya ikalitwaa mwaka huohuo wa kwanza. Tanganyika na Zanzibar zilijiunga katika miaka ya 1940. Hayo ndiyo mashindano yaliyokua na kuwa Kombe la Chalenji na hatimaye Kombe la CECAFA.

Ukiitazama ramani ya soka ya wakati ule, unaiona reli. Mombasa, Nairobi, Nakuru, Kisumu: timu zote zenye jina zilikaa kwenye stesheni kubwa. Timu ilihitaji vijana wengi wenye ajira mahali pamoja, uwanja, wapinzani wasio mbali, na garimoshi la kuwapeleka Jumamosi na kuwarudisha kazini Jumatatu. Pasipo garimoshi mambo hayo yote yalikuwa magumu.

Mto Tana ulikuwa na njia yake ya zamani, lakini haikuwa ya chuma. Mto huo, mrefu kuliko yote nchini, unaanzia kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, baada ya safari ya kilomita 1,000 hivi. Wapokomo wamelima kingo zake kwa karne nyingi, wakipanda mpunga, mahindi na ndizi kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji, wakisafiri na kubeba mavuno kwa mitumbwi ya kuchonga. Waorma na wafugaji wengine hushuka na ng'ombe kuelekea mtoni na kwenye malisho ya delta kiangazi kinapokaza. Wamisionari walifika mapema. Wamethodisti walikuwa Golbanti katika miaka ya 1880, ambako John na Annie Houghton waliuawa katika shambulio la Wamaasai mwaka 1886. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, Ferdinand Würtz akiwa mmoja wao, walikuja na kujenga kituo chao Ngao. Kwa hiyo kusoma na kuandika kulifika Tana ya chini kabla ya reli kufika Nairobi. Hakukuwa na upungufu wa akili wala wa miguu. Kilichokosekana ni mji wa ajira na njia ya kwenda na kurudi.

Ardhi nayo ilikuwa na masharti yake. Vijiji vya Tana ya chini hukaa kwenye kingo zilizoinuka, nafasi ikiwa nyembamba kati ya mto upande mmoja na bonde la mafuriko upande wa pili. Udongo wa bonde ni mweusi na mzito: mvua ikinyesha unanata mguuni kama gundi, na jua likiwaka unapasuka nyufa ambazo kisigino kinazama. Uwanja tambarare unaodumu mwaka mzima si kitu cha kuokota huko. Mtoto aliyecheza na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba alicheza pale maji yaliporuhusu, na kwa msimu ule ulioruhusiwa.

Kadenge alizaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Solongo, eneo la Tiriki, upande wa magharibi, katika kaunti inayoitwa sasa Vihiga. Kwao kulikuwa na watu wengi kuliko mashamba, na vijana wengi walipanda garimoshi kutafuta kazi Nairobi. Huko waliunda vyama vya kusaidiana: kusafirisha maiti, kumpokea mgeni asiye na pa kulala, kumchangia mgonjwa. Vyama hivyo vikaunda timu za mpira. Ndiyo maana majina ya timu za Nairobi yalisomeka kama orodha ya vijiji na koo za magharibi: Maragoli, Bunyore, Marama, Samia, na kando yao Luo Union. Kadenge alijitokeza akiwa na Maragoli United, moja ya timu zenye nguvu zaidi za mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Soka hilo lilikuwa la ridhaa. Mchezaji alikuwa na mwajiri wake, na mpira ulikuja baada ya saa za kazi. Hakuna aliyesaini mkataba wa mamilioni. Kilichomfunga mtu kwenye timu ni jamaa na majirani waliokuwa wakimtazama kutoka pembeni mwa uwanja, ambao angekutana nao jioni ileile kwenye chumba cha kupanga na mwisho wa mwaka kijijini. Uaminifu wa namna hiyo ulikuwa na joto ambalo fedha hainunui, na pia ulikuwa na mzigo, kwani kushindwa kwa timu kulihesabiwa kuwa kushindwa kwa kijiji kizima.

Alipoingia timu ya taifa, Kenya ilikuwa ikitoka kwenye kivuli cha Uganda. Waganda walikuwa wamelishikilia Kombe la Gossage tangu 1954 hadi 1957. Kenya ilishinda mwaka 1958, ikashinda tena 1959, ikagawana kombe na Uganda mwaka 1960 na kulitwaa peke yake mwaka 1961. Mwaka 1960 pia Kenya ilipokewa FIFA. Tarehe 4 Oktoba 1961, Nairobi, Kenya iliifunga Zanzibar mabao 10 kwa sifuri, na huo ungali ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya timu hiyo.

Majuma yaleyale mashabiki wa Nairobi walipokuwa wakisherehekea, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilianza kunyesha karibu Afrika Mashariki nzima, na haikukoma hadi mwaka ulipokwisha. Mto Tana ulifurika kiasi ambacho wazee wa huko walikifanya kuwa kipimo cha mafuriko mengine yote. Mashamba yalizama, njia zikakatika, watu wakategemea msaada wa chakula. Ushindi wa Oktoba 1961 na mafuriko ya 1961 ni vya mwaka mmoja na nchi moja. Kwa mtu wa Garsen ni wazi ni lipi kati ya hayo mawili lililobaki kuwa tarehe ya kuhesabia umri wa watoto.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Pwani iliwakilishwa na timu za Mombasa, zikiwemo Liverpool na Feisal. Neno Pwani hapa linahitaji kupimwa. Katika serikali, Tana River ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani. Katika soka, Pwani ilikuwa kisiwa cha Mombasa na viunga vyake. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Msafiri wa miaka ile alikabili barabara ya udongo hadi Malindi, kisha feri ya Kilifi, ambako hapakuwa na daraja hadi 1991, kisha daraja la kuelea la Nyali ndipo aingie kisiwani. Na hiyo ilikuwa ni pale ambapo mvua haijafunga barabara. Kijana wa Mombasa aliyekuwa na kipaji alitembea kwa miguu kwenda kufanyiwa majaribio. Kijana wa Garsen alihitaji nauli, kitanda cha kulalia, na mtu wa kumjua.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Mto Tana kilichofika kwenye uwanja wa taifa mwaka huo wa 1963. Tume ya watu watano iliyopewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, ilichagua lahani ya Kipokomo, wimbo wa mama kumbembelezea mtoto. Mwalimu Meza Moroa Galana, Mpokomo, ndiye anayetajwa kuwa aliipatia tume lahani hiyo. Tangu Desemba 1963, kila Kadenge na wenzake waliposimama mstari mmoja kabla ya mechi ya kimataifa, bendi ilipiga muziki uliotoka kwenye kingo za Tana. Watu wa huko hawakuwa na mchezaji kwenye mstari ule, lakini walikuwa na sauti iliyoufungua mchezo. Jambo hili linastahili kusemwa mara nyingi kuliko linavyosemwa, kwa sababu orodha za mabingwa na wafungaji hazina nafasi ya kuliandika.

Sauti nyingine ilisafiri upande wa pili, kutoka Nairobi kwenda mtoni. Mwaka 1964 serikali ilitaifisha utangazaji, shirika likawa Sauti ya Kenya, na mwaka huo akajiunga kijana aliyeitwa Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, katika jamii iliyotokana na watumwa waliokombolewa. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Kiswahili cha Mbotela kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho, chepesi, chenye kasi ya mchezo wenyewe, nacho kiliwafanya wasikilizaji waone. Maneno yake “Kadenge na mpira” yalikuwa taarifa ya kawaida ya mtangazaji, kwamba mpira sasa uko miguuni mwa fulani. Yalirudiwa mara nyingi hivi kwamba yaling'oka kwenye mechi na kuingia sokoni, shuleni na majumbani. Mtu alitajiwa Kadenge alipokuwa ameshika jambo peke yake na kila mtu akimngoja.

Redio ya transista ilikuwa mali ya wachache katika Garsen ya miaka hiyo. Iliwekwa mahali ambapo wengi wangeisikia, mbele ya duka au kibarazani. Ilikula betri kavu, na betri zilikuwa ghali. Zilipoanza kuchoka zilitolewa na kuanikwa juani asubuhi ili zipate nguvu kidogo za kutosha mechi ya alasiri, na mwenye redio aliizima wakati wa mapumziko ili asiishiwe dakika za mwisho. Sauti iliyumba, ikapotea, ikarudi. Msikilizaji alijaza mwenyewe kilichopotea. Kwa hiyo Kadenge wa Garsen alikuwa kwa sehemu Kadenge wa Nairobi na kwa sehemu kazi ya wasikilizaji wake, na pengine yeye wa pili alikuwa mkali zaidi.

Waliomwona uwanjani wanakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni chenga. Alikuwa mtu wa kuuchukua mpira, kumkabili beki uso kwa uso na kumpita, badala ya kuutuliza na kuurudisha nyuma. Mchezo huo unapendeza redioni kuliko mwingine wowote, kwa kuwa mtangazaji hana haja ya kutaja majina mengi. Jina moja linatosha kutoka katikati ya uwanja hadi golini. Hapo kuna sababu ya kweli ya jina lake kushika kuliko la mabeki na viungo wa wakati wake, ambao baadhi yao hawakuwa na thamani ndogo kwa timu.

Mwaka 1964 timu za vijiji za Waluhya ziliunganishwa kuwa Abaluhya United, klabu ambayo baadaye ilikuja kuitwa AFC Leopards, na Kadenge akawa mmoja wa nyota wake. Muungano huo uliyapunguza mashindano ya kijiji kwa kijiji na kuzaa timu yenye uwezo wa ubingwa. Luo Union walishinda ligi mwaka huo wa 1964. Mwaka 1965 ubingwa ukaenda Mombasa kwa Feisal, timu ya vijana wa mitaa ya kisiwani, na kwa watu wa Pwani mwaka huo una uzito wake hadi leo. Abaluhya walichukua ubingwa mwaka 1966 na 1967, halafu Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, ikachukua miaka miwili mfululizo, kisha Abaluhya wakarudi kileleni mwaka 1970.

Kati ya mataji hayo ulikuja mkasa ambao soka la Kenya halijausahau. Tarehe 12 Desemba 1965, Sikukuu ya Jamhuri, Ghana walicheza na Kenya Nairobi. Walikuwa wamelitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwezi mmoja tu nyuma, huko Tunis. Ghana walifunga mabao 13 na Kenya 2. Ni kipigo kikubwa kuliko vyote ilivyopata timu ya taifa, na kilionyesha umbali uliokuwepo kati ya soka la ridhaa la ukanda huu na soka la Afrika Magharibi, ambako serikali ya Kwame Nkrumah ilikuwa imeigeuza timu ya taifa kuwa mradi wa nchi. Kenya ilijiinua. Mwaka 1966 ilishinda Kombe la Gossage, na mwaka 1967 ikatwaa Kombe la Chalenji lililochukua nafasi yake.

Miaka hiyohiyo ya mataji ilikuwa miaka mibaya mtoni. Vita vya shifta, vilivyozuka mara baada ya uhuru kaskazini-mashariki mwa nchi, vilifika Tana River. Sheria za hali ya hatari zilitumika huko pamoja na Isiolo, Marsabit na Lamu, na sheria iliyopitishwa mwaka 1970 ya kuwakinga maofisa wa serikali dhidi ya mashtaka inataja wilaya hizo na kipindi cha 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967. Ukiziweka tarehe hizo kando ya tarehe za soka, zinaifunika ligi tangu mwisho wa mwaka wake wa kwanza hadi ubingwa wa pili wa Abaluhya. Katika miaka minne hiyo, kijana wa Tana aliyetaka kusafiri kwenda kucheza mpira alikuwa na mambo mengine ya kuhofia kuliko beki. Wanaoandika kwamba wilaya hiyo “haikuwa na utamaduni wa soka” wangefanya haki kuanza na orodha hiyo ya tarehe.

Kenya ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1972, lililochezwa Kamerun. Wakati huo zamu ilikuwa ya kizazi kingine: James Siang'a golini, Jonathan Niva, Daniel Anyanzwa, Allan Thigo. Kadenge alikuwa amewapisha. Hakustaafu akiwa tajiri, kama ambavyo hakuna mchezaji wa enzi yake aliyestaafu hivyo, na katika miaka ya baadaye aliendesha teksi Nairobi. Abiria wake walikuwa wakiendeshwa na mtu ambaye jina lake walikuwa wamelitamka utotoni kama methali. Taifa lililonufaika na miguu yake halikumwekea akiba yoyote, na deni hilo halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la kizazi kizima kilichocheza kabla ya fedha kuingia.

Mwaka 2002 aliitwa tena timu ya taifa, safari hii kama kocha. Desemba ya mwaka huo Kenya ilitwaa Kombe la CECAFA nchini Tanzania kwa kuwafunga wenyeji 3 kwa 2 katika fainali. Miaka yake ya mwisho ilisumbuliwa na kiharusi. Alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa Solongo. Baada ya kifo chake uwanja wa City, ule wa Barabara ya Jogoo ambako soka la Waafrika wa Nairobi lilikua, ulipewa jina lake. Mbotela aliishi hadi tarehe 7 Februari 2025.

Huko Tana, njia ilibadilika polepole. Kivuko cha Garsen kilipata daraja, lami ikafika kutoka Malindi, ingawa mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata barabara kwa muda mrefu, na baadaye lami ikaendelea kupitia Witu kuelekea Lamu. Shule za sekondari kama ya Ngao ziliwapa vijana wa mtoni kile ambacho reli iliwapa wenzao wa magharibi: kundi kubwa la rika moja mahali pamoja, uwanja wenye magoli ya kudumu, na mashindano ya mkoa ya kila mwaka yenye usafiri uliolipiwa. Mchezaji wa Garsen anayetaka kujaribu bahati Mombasa siku hizi hupanda basi asubuhi na kufika mchana. Mafuriko bado huja, na yanapokuja viwanja vya bondeni huwa vya kwanza kuzama.